Kutabiri hisia ya krimu kwa vipimo vya mezani: shajara ya mradi, Mombasa

Januari, kaskazi imeshika

Mradi huu una swali moja. Krimu ikiwa bado iko mezani, twaweza kuipima kwa vyombo vya bei nafuu tukajua mtu ataisikiaje ngozini kabla hajaipaka? Sisi ni karakana ndogo ya Kisauni. Twatengeneza losheni, mafuta ya nywele na zile krimu nzito za shea, kakao na nta ya nyuki. Kila fomula mpya inakula malighafi, na malighafi yenyewe haitoki karibu. Shea tunayotumia hutoka kaskazini mwa Uganda, kakao hutoka mbali zaidi. Sufuria ikishapikwa na mteja wa kwanza akasema yanata, hakuna cha kuokoa.

Viwanda vikubwa vya vipodozi vina majopo ya watu waliofunzwa kwa muda mrefu kuzipa hisia zao namba. Kando ya jopo kuna mashine: riometa ya kupima jinsi kitu kinavyotiririka, mashine ya kusukuma na kuvuta inayorekodi nguvu, na tribometa ya kupima msuguano. Namba za mashine hulinganishwa na namba za watu, na uhusiano ukipatikana, mashine huanza kujibu kwa niaba ya jopo. Njia hii inajulikana. Ninachotaka kukijua ni kama yaweza kufanywa kwa ngozi za hapa, joto la hapa na jasho la hapa. Krimu iliyosimama wima ndani ya kopo Nairobi, mita zaidi ya 1,700 juu ya bahari, ikifika kibanda cha Kongowea mwezi wa pili huwa imekwisha kuwa uji. Mtu akiniambia ameipima krimu bila kuniambia aliipima katika joto gani, hajanipa kitu cha kufanyia kazi.

Vifaa vilivyopo: mizani ya kidijitali, vioo vya dirisha vilivyokatwa na fundi wa Majengo, bomba za sindano, kipimajoto, kipimo cha unyevu wa hewa, na simu yenye kamera inayonasa picha 240 kwa sekunde. Chuo kimoja hapa mjini kimekubali tutumie viskometa yao ya kuzunguka (chombo cha kupima mnato, yaani jinsi kitu kinavyokataa kutiririka) Jumamosi asubuhi, jambo ambalo nawashukuru sana.

Sampuli ni 12. Zinaanzia mafuta ya ufuta matupu, kupitia losheni nyepesi za maji mengi, hadi krimu ya nta na kakao inayokatwa kwa kijiko. Zimechaguliwa ziwe mbalimbali makusudi, kwa sababu sampuli zinazofanana hazitamfundisha mtu chochote.

Januari, mwisho wa mwezi: jopo

Chombo cha kwanza cha mradi ni watu, nacho chahitaji kurekebishwa kabla ya kusomwa. Jopo letu lina mpambaji wa maharusi wa Mji wa Kale ambaye maisha yake yote amesugua singo na liwa kwenye ngozi za watu, muuza mafuta wa Marikiti, msusi, wanafunzi wa chuo na vijana wawili wa kiume wanaojipaka baada ya kuoga na hawana muda wa maneno.

Utaratibu tumeuiga kwa wanaofanya kazi hii siku zote. Kwenye upande wa ndani wa kigasha huchorwa duara la sentimita 5. Ndani yake huwekwa mililita 0.05 kwa bomba la sindano. Mtu husugua kwa kidole kimoja, mizunguko miwili kwa sekunde, akifuata mdundo wa simu. Kila sampuli ina namba ya tarakimu tatu na mpangilio wake hubadilishwa kwa kila mtu. Hakuna marashi ndani, maana harufu ya mawaridi humfanya mtu aione krimu laini kuliko ilivyo, na hilo hata mpambaji mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisema.

Kila hisia ina mizani ya 0 hadi 10 yenye ncha mbili zinazoshikika. Kwa uzito wa kuchota, 0 ni maji na 10 ni mafuta ya mgando ya kopo. Kwa kunata, 0 ni mafuta ya nazi na 10 ni shira iliyopoa. Watu walipokuwa wakijadiliana bila ncha hizi, kila mmoja alikuwa na saba yake. Shira ilipowekwa mezani, namba zilisogeleana ndani ya kikao kimoja.

Mpambaji alipopewa sampuli ya pili aliniangalia akauliza: "Mwanangu, hii niijibu sasa au nikishaipaka? Maana si moja." Nilimwambia, "Mama, ndiyo nataka zote mbili." Tangu hapo fomu ina nyakati nne: kuchota, kueneza, mara tu baada ya kueneza, na dakika 20 baadaye. Mradi wote umegeuka ukafuata swali lake. Naona kosa la vipimo vingi vya kiwandani liko hapo hapo. Namba moja ya mnato, inayochukuliwa krimu ikiwa ndani ya bika, huulizwa ijibu maswali ya nyakati nne ambazo krimu yenyewe imekuwa vitu vinne tofauti.

Februari: kuchota

Wakati wa kuchota, kinachosikika ni kizingiti: ile nguvu ambayo chini yake krimu haisogei, na juu yake inaanza kutiririka. Hiki chaweza kupimwa kwa vioo viwili. Weka gramu 1 ya krimu katikati ya kioo cha chini, funika kwa kioo cha juu chenye mzigo, jumla gramu 125, subiri dakika moja, pima duara. Famasia hutumia kipimo hiki siku nyingi kueleza jinsi marhamu inavyotanuka. Kwa hesabu kidogo chatoa zaidi ya hapo. Krimu husimama pale ambapo mzigo hauwezi tena kushinda kizingiti, na kizingiti hicho ni mara 3 ya nguvu, zidisha kwa ujazo, gawa kwa zao la 2, pai mraba, na nusu kipenyo kwa kipeo cha 5.

Hicho kipeo cha 5 chataka heshima. Duara la kipenyo cha sentimita 6 lamaanisha kizingiti cha karibu Paskali 8 (Paskali ni kipimo cha mkazo, yaani nguvu kwa eneo). Duara la sentimita 4 ni karibu Paskali 58. Kwa hiyo ukikosea nusu kipenyo kwa asilimia 10, jibu linahama kwa asilimia 60. Tunapima kipenyo pande nne na kuchukua wastani, na vioo vimekwaruzwa kwa msasa laini ili krimu isiteleze juu ya kioo badala ya kutiririka yenyewe.

Vipimo vimefanywa kwenye nyuzi 24, 28 na 32 za Selsiasi. Ya kwanza ni chumba chenye kiyoyozi, ya pili ni nyumba ya kawaida asubuhi, ya tatu ni mchana wa kaskazi na pia ndiyo karibu na joto la ngozi ya mkono. Kwenye 24, krimu ya nazi na nta ilikuwa ya pili kwa ugumu. Kwenye 32 ilishuka hadi kundi la losheni. Sababu yajulikana. Mafuta ya nazi huyeyuka karibu na nyuzi 24, na nta ya nyuki peke yake, ambayo huyeyuka juu ya 60, ndiyo inayobaki kushikilia jengo. Mpangilio wa jopo, lililokaa kwenye baraza bila kiyoyozi, ulilingana na vipimo vya nyuzi 28 hadi 32 na ulikataa vile vya 24. Sampuli ile ile ina majibu mawili, na la Mombasa si la maabara yenye baridi.

Februari, mwisho: kueneza

Hapa ndipo hesabu ndogo ilipobadilisha kazi nzima, kwa hiyo naiandika yote.

Mililita 0.05 ikitandazwa kwenye duara la sentimita 5 hutoa tabaka la unene wa mikromita 25 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Si mbali na kile kipimo kinachotumiwa kujaribia krimu za jua, miligramu 2 kwa kila sentimita mraba, ambacho ni karibu mikromita 20. Kidole kikizunguka kwenye duara la sentimita 3 mara mbili kwa sekunde, kasi yake ni karibu sentimita 19 kwa sekunde. Gawa kasi kwa unene wa tabaka upate kasi ya mkato: karibu 7,500 kwa sekunde. Kuchota kwa kidole, ambako tabaka ni nene na kidole kinakwenda polepole, ni kama 10 kwa sekunde. Viskometa ya kuzunguka nayo hufanya kazi huko huko chini.

Basi yule anayepima losheni kwa viskometa peke yake na kusema itaenea vizuri anapima mara mamia kadhaa polepole kuliko mkono. Krimu hulegea kadiri inavyosuguliwa, na kila moja hulegea kwa namna yake. Mbili zenye mnato sawa kwenye viskometa zaweza kuachana kabisa zikifika elfu saba.

Riometa ya kufika huko hatuna. Tumetengeneza kifaa cha kuteleza: kioo kikubwa kimelala mezani, juu yake kipande cha kioo cha hadubini, sentimita 7.5 kwa 2.5, kimeinuliwa kwa selotepu yenye unene wa mikromita 50 pembeni. Katikati ni krimu. Uzi umefungwa kwenye kipande, unapita kwenye kapi, na mwisho wake kuna uzani. Simu hunasa mwendo. Uzani wa gramu 50 huleta mkazo wa karibu Paskali 261. Kipande kikienda kwa sentimita 20 kwa sekunde, kasi ya mkato ni 4,000 na mnato ni 0.065 kwa kipimo cha Paskali-sekunde. Huo hauko mbali na mnato wa mafuta ya nazi yaliyoyeyuka. Msuguano wa selotepu yenyewe hupimwa pembeni na kutolewa.

Muuza mafuta alisimama akatazama kioo kikikimbia, akaniambia, "Ile nzito imekwenda kama mafuta." Ndivyo hasa. Zile krimu nene zinazosifiwa sokoni kwa kuenea upesi ndizo zilizolegea zaidi kwenye kifaa hiki, na namba zake zilifuatana na namba za jopo za kueneza vizuri kuliko kitu chochote tulichopima awali. Kipimo cha chuo, kwa swali hili, hakikusaidia.

Shaabani na Ramadhani

Jopo limesimama. Shaabani ni harusi juu ya harusi na mpambaji hapatikani. Ramadhani jioni ni za jikoni na misikiti. Nimetumia muda huu kupanga data.

Jambo moja la hesabu. Hisia haipandi sawasawa na kichocheo. Mwanasayansi Mjerumani Fechner aliandika juu ya hili mwaka 1860, na mwanasaikolojia Mmarekani S. S. Stevens mwaka 1957 akaonyesha kwamba hisia nyingi hufuata kipeo. Kwa mnato wa kimiminika kinachokorogwa, kipeo chake ni karibu 0.42. Maana yake ni kwamba mnato ukizidishwa mara 10, mtu husikia uzito umeongezeka mara 2.6 tu. Kwa hiyo vipimo vyetu vyote vya mnato na kizingiti vitaingia kama logi kwenye modeli, yaani hesabu itakayotabiri hisia kutokana na vipimo. Kwa mtengenezaji hii ina faida ya mfukoni: kuongeza nta kidogo ili krimu isikike nzito zaidi mara nyingi ni kupoteza nta.

Baada ya Idi: kunata, na kile watu wanachokiita kuingia

Mvua za masika zimeanza, unyevu wa hewa hauteremki. Ni wakati mzuri wa kupima kunata, kwa sababu kunata ni jambo la saa.

Losheni nyingi ni maji kwa robo tatu au zaidi. Maji hayo yakiondoka, kinachobaki ngozini si losheni tena. Ni mafuta, nta, gliserini na viimarishaji, vyote vimebanana. Ili kuona maji yakienda, tunatandaza gramu 1 kwenye kioo cha sentimita 20 kwa 20, na hilo hutoa tabaka la mikromita 25 kama la mkononi. Kioo kinakaa juu ya mizani na uzito huandikwa. Pembeni, kioo kidogo chenye tabaka kama hilo hubonyezwa kwa kitufe cha mpira na kuvutwa juu. Kwa kuwa kimefungwa juu ya mizani ya pili, nguvu ya kunata husomeka pale mizani inapokwenda chini ya sifuri.

Mkunjo wa kunata, yaani mstari wa grafu ya kunata kwa muda, una kilima. Huanza chini, hupanda maji yanapokaribia kwisha, kisha kwa baadhi ya krimu hushuka tena mafuta yanapobaki peke yake. Losheni zenye gliserini nyingi kilima chake ni kirefu na hakishuki, maana gliserini huvuta maji kutoka hewani. Hewa ya Mombasa ya masika haimruhusu mtu kukauka. Jopo lilikuwa limezipa losheni hizi namba ndogo za kunata mara tu baada ya kueneza, na namba kubwa dakika 20 baadaye. Kitufe cha mpira kilisema vivyo hivyo, lakini kwa sharti kwamba kipimo kichukuliwe wakati ule ule na katika unyevu ule ule. Kipimo cha kunata kilichochukuliwa krimu ikiwa mbichi hakikutabiri lolote la baadaye.

Upande wa kuingia, nina rai ninayoisimamia. Mtu akisema losheni imeingia, sehemu kubwa ya mafuta bado iko juu ya ngozi. Dakika chache hazitoshi kuyazamisha. Anachokisikia ni kidole kuanza kushika baada ya kuteleza, na hilo hutokea maji yakiisha na tabaka likapungua unene. Tulipoweka mkunjo wa kupungua uzito kando ya majibu ya jopo, losheni zilizoacha kupoteza maji mapema ndizo zilizosemekana zimeingia mapema. Mafuta ya ufuta, ambayo hayana maji ya kupoteza, hayakuingia kamwe kwa kauli ya jopo. "Haya yakaa juu mpaka uyafute na leso," alisema msusi.

Mei: msuguano

Richard Stribeck, mhandisi Mjerumani, alichapisha mwaka 1902 vipimo vya beringi za mashine vilivyoonyesha kwamba msuguano wa vitu viwili vyenye mafuta kati yake hufuata mkunjo mmoja. Kasi ikiwa ndogo nyuso hugusana na msuguano huwa mkubwa. Kasi au mnato ukiongezeka, mafuta huanza kubeba mzigo na msuguano hushuka hadi bondeni. Ukizidi tena, mafuta yenyewe huanza kupinga na msuguano hupanda. Kidole na kigasha vyenye krimu katikati hupita kwenye mkunjo huo huo, lakini kinyumenyume, kutoka mafuta yanayopinga hadi nyuso zinazogusana, kadiri tabaka linavyokonda.

Maabara nyingi za nje hutumia ngozi ya nguruwe kama mwakilishi wa ngozi ya mtu. Kwetu haitawekwa mezani. Tunatumia mpira wa silikoni uliomwagwa juu ya plasta iliyochukua sura ya mikunjo ya mkono. Si ngozi, na haifanyi kama ngozi ikilowa, hilo nalijua. Lakini haibadiliki kutoka siku hadi siku, na hilo ndilo ninalolihitaji ili kulinganisha krimu na krimu.

Kasi ya kuvuta tumeiweka kati ya sentimita 1 na 10 kwa sekunde. Ngozi yenye malaika (vinyweleo), kama ya kigasha, ina nyuzi za neva zinazoitikia zaidi mpapaso wa kasi hiyo, na ndiyo kasi ambayo watu huiona ya kupendeza zaidi. Kiganja kina chache sana za aina hiyo. Kwa hiyo hisia ya baadaye huulizwa kwa mpapaso wa polepole wa kigasha, haiulizwi kwa kusugua.

Vipimo vya msuguano vilitabiri vizuri kuteleza mara tu baada ya kueneza. Vilianza kulegea dakika 20 baadaye, na nadhani sababu ni jasho. Ngozi iliyolowa hulainika, eneo linalogusana huongezeka, na msuguano wake waweza kufika mara mbili au zaidi ya ngozi kavu. Silikoni haitoki jasho. Siku za mvua na joto, jopo lilisema krimu fulani inavuta, wakati silikoni inasema inateleza. Sasa kipimo cha unyevu wa hewa kinaingia kwenye fomu ya kila kikao, na kila mtu hukaa barazani nusu saa kabla ya kuanza.

Juni: wanga wa muhogo

Hili ndilo jambo lililonifurahisha zaidi katika mradi. Wanga wa muhogo huongezwa kwenye krimu ili kupunguza ile hali ya mafutamafuta. Tulitengeneza losheni moja kwa namna mbili, yenye wanga na isiyo na wanga. Kizingiti kilikuwa karibu sawa, kueneza sawa, wastani wa msuguano karibu sawa. Kwa vyombo vyetu vyote hizi zilikuwa losheni moja. Jopo lote, bila hata mmoja kusita, lilizitenganisha. Mpambaji alisema ya pili ni kavu na nyororo, akaitaka apelekewe kwa ajili ya harusi.

Kidole kina vipokezi vya namna kadhaa. Vile vya Pacini husikia mtetemo, na huwa vikali zaidi karibu na mitetemo 250 kwa sekunde. Kidole kinapopita juu ya ngozi hutetemeka, na mtetemo huo hubeba habari za umbile dogo mno. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha KTH cha Stockholm waliripoti kwamba watu waliweza kutofautisha kwa kidole uso laini na uso wenye mikunjo ya kimo cha nanomita 13 tu. Chembe za wanga wa muhogo ni mikromita kadhaa, maelfu ya nanomita. Kwa kidole ni vitu vikubwa.

Basi tatizo lilikuwa kwamba tunachukua wastani. Tulibandika kipaza sauti kidogo cha kugusa, kile kinachowekwa kwenye gitaa, juu ya kipande kinachovutwa, na tukarekodi kwenye simu. Programu ya bure ya kuchanganua sauti huonyesha nguvu ya kila masafa, yaani kila idadi ya mitetemo kwa sekunde. Losheni yenye wanga ilitoa mtetemo tofauti kabisa kwenye masafa ya mamia, wakati wastani wa msuguano haukusogea. Kwa hisia ya ukavu na unyororo, sauti ya msuguano ndiyo kipimo chenyewe. Kama kuna karakana nyingine ya Pwani inayotaka kuanza na kifaa kimoja tu baada ya vioo, ningeishauri ianze na hiki.

Julai, kusi: modeli

Vipimo vimekuwa karibu 30 kwa kila sampuli, na sampuli ni 12. Hali hii ni ya hatari. Ukiipa rigresheni, yaani hesabu inayotafuta mlinganyo kati ya vipimo na hisia, vipimo 30 na sampuli 12, itatoa mlinganyo unaolingana na kila kitu na usiotabiri chochote. Njia ya kawaida ni kutumia rigresheni inayokusanya vipimo vinavyotembea pamoja kuwa vichache, kisha kuiacha sampuli moja nje, kufunza kwa zile 11, na kutabiri ile iliyoachwa, hadi zote zipite zamu. Tumefanya hivyo. Lakini nimeamua pia kupunguza vipimo kwa mkono kabla ya hesabu, nikibakiza kwa kila hisia vile tu ambavyo fizikia yake yaeleweka: kizingiti kwenye nyuzi 28 hadi 32 kwa kuchota, mnato wa kasi kwa kueneza, kilele cha kunata na muda wake kwa kunata, mkunjo wa maji kwa kuingia, mtetemo kwa ukavu. Hesabu ilipendelea orodha hii fupi kuliko ile ndefu kila tulipoiacha sampuli nje. Napendelea modeli ninayoweza kuieleza kwa muuza mafuta akaona mantiki yake.

Kuchota na kueneza vyatabirika vizuri. Kunata vilevile, saa ikizingatiwa. Kuingia kwa wastani. Kupenda hakutabiriki, na sitajaribu. Mpambaji hupenda krimu inayobaki juu kwa sababu bi harusi lazima ang'ae. Vijana wa kiume huitaka iondoke kabla hawajavaa shati. Vipimo vyaweza kusema krimu itakuwaje, lakini nani aitake ni swali la soko.

Agosti: jaribio la bahasha

Fomula tatu mpya. Kabla jopo halijazigusa, utabiri wa kila hisia uliandikwa, ukatiwa bahasha, na bahasha akapewa muuza mafuta akaishike. Zilipofunguliwa, losheni mbili zilikuwa pale modeli iliposema, kwa hisia zote za kuchota, kueneza na kunata.

Ya tatu, krimu ya shea, ililingana kwa uzito na kunata, lakini jopo liliandika neno ambalo halikuwa hata kwenye fomu: mchanga. Asubuhi za kusi zimepoa, mafuta ya nazi yameanza kuganda kwenye chupa za sokoni, na shea ikipoa polepole hujenga fuwele kubwa zinazosikika kama chembe kabla hazijayeyuka. Vioo havikuziona kwa sababu vilizisaga. Rekodi ya mtetemo ya siku ile ilizionyesha waziwazi mwanzoni, kisha zikapotea ndani ya sekunde chache joto lilipozifikia.

Kwa hiyo kipimo kinachofuata ni cha kupoesha. Krimu ya shea itapikwa sufuria moja na kugawanywa: sehemu ipoe haraka kwenye beseni la maji ya barafu ikikorogwa, sehemu iachwe ipoe usiku kucha barazani. Zote zitasikilizwa kwa kipaza sauti zikiwa mbichi, kisha baada ya kukaa juu ya rafu ya dukani, ambako mchana huyeyuka nusu na usiku huganda tena. Jopo litakutana Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri, na mpambaji ameomba safari hii kipimo cha kwanza kifanywe kwenye kiganja pia, kwa sababu yeye ndiko anakoiyeyushia krimu kabla ya kumpaka mtu. Fomu imeongezwa safu ya kiganja.